Kibanda cha Kivukoni na Moto Wake

Ukitoka Eldoret mjini ukifuata mto Sosiani unakoteremkia, ukayaacha maghala na harufu ya magome ya miti ya miwati, zamani hizo ulikuwa unafika mahali ambapo mto unajitanua na kuwa mpole. Maji hupita juu ya mawe mapana, na ng'ombe huvuka bila kulowesha tumbo. Hapo kivukoni ndipo kilipokuwa kitongoji chetu. Wenyewe tulikiita mji. Kulikuwa na safu moja ya maduka ya mabati, buchari moja, posho mill moja ya kusagia mahindi, kanisa moja, na shule moja ya msingi, ambako nililetwa kufundisha mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nchi nzima chama kilikuwa kimoja, kwa hiyo hatukuona ajabu.

Mimi ni mtu wa ziwani. Nilizaliwa upande wa Kisumu, ambako mtu akisema kuna baridi ana maana kwamba jasho limepungua kidogo. Hakuna aliyenionya juu ya Uasin Gishu. Nilishuka na sanduku la bati, sufuria tatu na cheti cha ualimu ambacho wino wake ulikuwa bado unanukia, nikakuta watu wamevaa makoti mchana kweupe na ng'ombe wanatoa mvuke puani. Usiku wa kwanza nililala na nguo zangu zote mwilini, pamoja na gauni nililovaa kwenye harusi ya dada yangu.

Chumba nilipanga kwa mzee mwenye posho mill. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa amezoea kupiga kelele ili ashinde mashine yake, na mashine ikizimwa yeye hakuzimika. Hata kanisani, tulipoambiwa tuombe kila mtu kimyakimya moyoni, tulijua wote anachoomba.

Jioni hiyo ya kwanza nilikwenda dukani kununua kiberiti. Mwenye duka, kijana mwembamba aliyejifunga shuka shingoni, alinitazama kwa huruma.

"Kiberiti iko, mwalimu," akasema, "lakini hiyo ni ya watu ya sigara. Moto ya kupika iko kwa Mama."

Nilidhani ananifanyia mchezo. Nilinunua kiberiti changu, nikapuliza kuni mbichi mpaka machozi yakanitoka, na nikala mkate mkavu. Asubuhi nilikwenda kwa Mama.

Mama alikuwa na hoteli. Nasema hoteli kwa sababu sote tulisema hivyo, ingawa ilikuwa kibanda cha mabati pale pale kivukoni, nguzo zake zimeegemea upande wa mto kana kwamba zinasikiliza maji. Ndani kulikuwa na benchi mbili, picha ya Rais ambayo kila biashara ilitakiwa kuwa nayo, na meko ya mawe matatu katikati ya sakafu. Juu ya meko zilining'inia vibuyu vya mursik, yale maziwa ambayo watu wa huko hulaza ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa, mpaka yanageuka rangi ya mawingu ya mvua. Mara ya kwanza nilipoyaona nilidhani majivu yameingia kwa bahati mbaya, nikataka kumwambia. Nashukuru Mungu sikusema. Mwaka haukuisha kabla sijaanza kuyaota.

Mama mwenyewe alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye masikio yaliyotobolewa kwa mtindo wa zamani na koti la kijeshi lililoachwa na marehemu mumewe. Hakuwa na watoto. Alikuwa na moto.

Sijui niseme vipi nieleweke na watu wa gesi na stima. Moto ule ulikuwa haujazimika tangu ulipofika hapo. Usiku Mama aliufukia kwa majivu, alfajiri akaufukua, akauwekea vijiti na kuuamsha. Aliuleta alipoolewa kutoka Ziwa, ambalo ni jina la mahali huko huko Uasin Gishu wala si ziwa letu, akiubeba ndani ya chungu, kwa miguu, mumewe akitangulia na ng'ombe. Mama mkwe wake ndiye aliyempa, na yeye alikuwa amepewa na mama mkwe wake. Huo moto ulikuwa umepita mikono ya wanawake kabla hata Makaburu hawajafika na magari yao ya ng'ombe, kabla mji wa Eldoret haujapewa nambari ya shamba, 64 kwa Kiingereza, na wazee kuitamka ikawa Sisibo.

"Mama mkwe alinipea moto kwanza," aliniambia siku moja. "Kijana yake alinipea baadaye. Na aliniambia nichunge moto zaidi."

Basi kitongoji kizima kilichukua moto hapo. Alfajiri ungeona wanawake wakishuka kivukoni, kila mmoja na kigae chake, kipande cha chungu kilichovunjika, wakitoka na kaa jekundu kama wanabeba yai. Lakini ilikuwa na adabu yake. Huwezi kuingia na kusema nipe moto. Unakaa kwanza. Unaulizwa habari ya moto wako, unaeleza umekufaje, unasimangwa kidogo, ndipo unachaguliwa kaa. Habari zote za mji zilitolewa hapo: nani ana mimba, ng'ombe wa nani ameingia mahindi ya nani, mhubiri gani amehubiri akiwa na kiu. Mtu aliyewasha kiberiti nyumbani kwake alionekana mtu wa kujitenga, tena pengine ana jambo analolificha.

Asubuhi ile ya kwanza aliniuliza, "Habari ya moto, mwalimu?"

Sikutaka kukiri kwamba nimeshindwa kuwasha. Nikajibu kwa Kiswahili changu cha darasani, "Ulilala, Mama. Haukuamka."

Alicheka mpaka akashika nguzo. Kuanzia siku hiyo jibu hilo likawa langu. Alinifundisha namna ya kufukia moto: gogo la muwati lenye kaa kubwa, majivu laini juu, pawe na mlango mdogo wa hewa, usilifunike kama unazika mtu. Nilijaribu. Niliufukia kidogo ukaisha kabla ya alfajiri, niliufukia sana ukafa kwa kukosa pumzi. Wanafunzi wangu wa darasa la tatu, watoto wanaofika tu kiunoni, walikuwa wakilaza moto kwao na kuuamsha bila taabu. Mimi mwenye cheti, kila asubuhi nilishuka kivukoni na kigae.

"Habari ya moto, mwalimu?"

"Ulilala, Mama. Haukuamka."

Hoteli nzima ilikuwa ikinisubiri niseme. Wenye ng'ombe walikuwa wakishika vikombe vyao na kunyamaza ili wasikose. Nilikasirika miezi kadhaa, kisha nikazoea, kisha nikawa nachelewa kimakusudi ili wapate kukusanyika. Mgeni anayechekwa kila asubuhi si mgeni tena.

Sasa, chifu. Chifu wetu alikuwa mtu wa kofia. Alivaa ile kofia ya kazi hata akioga, walisema wambea, na akiivua alikuwa mtu wa kawaida kabisa anayependa mandazi. Mwaka mmoja alitangaza baraza chini ya mikaratusi ya shule, akatuambia kwamba DO, mkubwa wa serikali wa tarafa, atakuja wiki ya sikukuu ya Madaraka kufungua josho jipya la ng'ombe, na kwamba barabara yote atakayopita lazima ipendeze. Mawe yapakwe chokaa. Nyasi zikatwe. Na vibanda vya mabati vilivyo kando ya mto vibomolewe.

Vibanda vilikuwa kimoja.

Kila mtu aligeuka kumtazama Mama. Alikuwa amekaa mstari wa mbele na koti lake la kijeshi, mikono mapajani. Niliona kidole gumba kimoja kikisugua kingine bila kukoma. Hoteli ile ndiyo iliyomlisha, na chini ya paa lile ndipo moto ulipolala. Nyumba yake ya udongo nyuma ya kibanda ilikuwa ya kulaza mbavu tu.

Hapo mzee wa posho mill akasimama. Hakuwa na mpango wowote, alikiri baadaye. Alisimama kwa sababu hakuweza kukaa.

"Chifu," akanguruma, "hiyo kibanda haiwezi kutolewa. Hiyo ni historia."

"Historia ya nini?"

Mzee akatazama juu. Akatazama mto. Lazima nieleze kwamba wenzetu wa mjini walikuwa na kisa kimoja walichotutambia nacho: kwamba zamani sefu ya benki ilianguka kutoka kwenye gari la ng'ombe, ikawa nzito hata haikuinulika, basi benki ikajengwa kuizunguka pale pale ilipoangukia. Sisi hatukuwa na hata sufuria iliyoanguka. Jambo hilo lilikuwa likimuuma mzee miaka mingi.

"Pale," akasema mzee, "ndipo gari ya Kaburu ilikwama. Ile ya kwanza. Siku nyingi sana. Walipika hapo."

"Ni kweli," akasema mwenye buchari, ambaye alihamia kwetu mwaka mmoja kabla yangu. "Hata mimi nakumbuka."

Chifu alikuwa kwenye mtego. Siku hizo kila mkubwa aliyesimama kwenye jukwaa alihubiri juu ya kuhifadhi utamaduni na mila, na hakuna chifu aliyetaka kusikika kwamba amebomoa mila kwa mkono wake. Aliivua kofia, akaitazama ndani kama aliyetegemea kupata ushauri humo, akaivaa tena. Akasema DO mwenyewe ataamua. Akiona ni historia, ibaki. Akiona ni mabati, iondoke siku hiyo hiyo.

Nadhani hatujawahi kufanya kazi pamoja kama tulivyofanya majuma yale. Watu walioshindwa kuelewana juu ya choo cha shule waliungana kutengeneza historia. Mwenye buchari alikwenda kwa shemeji yake huko Ainabkoi akarudi na gurudumu kubwa la mbao lenye ukanda wa chuma, akaapa ni la lile gari la kwanza. Lilikuwa la mkokoteni wa maziwa. Mzee wa posho mill alitoa pembe kubwa ya shaba iliyotoka kwenye santuri ya Mzungu fulani, ambayo siku zote tulikuwa tukiitumia kumiminia mahindi mashineni, na kwa majuma mawili unga wetu ulikuwa na punje nzimanzima. Mtu wa kanisa alileta bafu la chuma walilokuwa wakinyweshea ndama. Likapinduliwa, likaitwa mashua.

"Mashua ya nini?" niliuliza. "Mto unafika magotini."

"Mwalimu," mzee akaniambia, "wewe andika tu."

Kwa maana mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuiandika na kuisoma hiyo historia mbele ya mgeni. Niliiandika. Nilipenda sana kuiandika, na bado nadhani ilikuwa nzuri. Niliweka Makaburu, mvua, ng'ombe waliochoka, na mama mmoja wa kienyeji aliyewapa moto wakati viberiti vyao vimelowa. Hicho kipande cha mwisho nilikibuni usiku mmoja nikiwa kitandani, na sikujua kwamba ndicho pekee kilichokaribia ukweli.

Mama aliyatazama haya yote bila kusema mengi. Alituruhusu tufagie, tuning'inize, tupake chokaa. Aliuliza swali moja tu, kila siku, kwa kila mtu.

"Na moto je?"

"Moto utakaa, Mama," tulimjibu. "Si ndiyo yenyewe?"

Halafu kulikuwa na bakuli. Mama alikuwa na bakuli kubwa jeupe la enameli, lina maua ya waridi ubavuni na mkono mmoja wa kushikia, alilolinunua kwenye mnada wakati Kaburu mmoja jirani alipouza shamba na kuondoka. Ndilo alilokandia unga wa mandazi. Kamati yetu ya historia ililiweka mahali pa heshima, kwenye rafu peke yake. Mimi niliwahi kulazwa hospitali ya misheni nikiwa msichana, na nilijua vizuri sana kwa nini Wazungu hukiweka chombo cha namna hiyo chini ya kitanda, na hukitumia saa ngapi za usiku. Nililitazama. Nikakumbuka mandazi yote niliyokwisha kula. Nikaamua kwamba kuna maarifa ambayo hayamsaidii mtu yeyote, nikarudi kwenye kufagia.

Siku yenyewe ilifika na ukungu. Tangu alfajiri vijana wa chama walipita nyumba kwa nyumba, kwa amri ya chifu, wakihakikisha mioto yote imezimwa, maana mgeni hakutakiwa kupokelewa na moshi. Watu wote walitakiwa wajipange barabarani. Mioto miwili tu ndiyo iliyoachwa. Mmoja ulikuwa wa Mama, moto mdogo wa maonyesho, umezungukwa na vibuyu. Mwingine ulikuwa wangu, na ulikuwa umetoka kwake asubuhi ile ile kwa njia ya kawaida, maswali, majibu na vicheko. Ulikuwa nyuma ya chumba changu, chini ya chungu cha maharagwe ya wageni, kwa sababu chungu chenyewe kilikuwa kikubwa na cheusi na kingeharibu sura ya historia.

"Mwalimu, ukimaliza kusoma kimbia uongeze maji," Mama aliniagiza. "Maharagwe haina subira."

Nilisukuma gogo zima la muwati chini ya chungu, nikaenda kujipaka mafuta.

DO alikuwa kijana. Hilo hatukulitegemea. Tulikuwa tumejiandaa kwa mtu wa tumbo na usingizi, akashuka kijana wa miwani aliyetoka chuo kikuu juzi tu, aliyependa historia kwa dhati ya moyo wake. Josho alilifungua haraka haraka, ng'ombe wa kwanza akatumbukia akamrushia dawa kwenye suruali, wala hakujali. Alikuwa akitazama kibanda.

Nilisoma. Nilisoma vizuri, kwa sauti ya kujaa, na nilipofika kwa ng'ombe waliochoka nilimwona mama mmoja akifuta macho. DO alisikiliza mdomo wazi. Kisha akaingia ndani, akiwa na andazi mkononi, mzee wa posho mill akimwongoza na kumngurumia sikioni. Aligusa gurudumu. Alipapasa pembe. Akafika kwenye rafu.

"Na hii?"

"Hiyo ni bakuli ya supu ya Kaburu, sir," mzee akasema. "Siku hizi Mama anakandia unga ya mandazi."

DO akalitazama bakuli. Akalitazama andazi, ambalo alikuwa ameshaliuma. Akanitazama mimi, mimi nikatazama mabati. Mungu ambariki kijana yule. Aliliweka andazi mfukoni taratibu, kama mtu anayehifadhi ushahidi, akaendelea na ziara.

Alipotoka nje alipanda juu ya kiti na kutuhutubia. Alisema ameshangazwa. Alisema mahali kama hapa ni hazina ya taifa, na watu wa kubomoa wakome. Tulipiga makofi mpaka mikono ikauma, na mzee wa posho mill akamkumbatia mwenye buchari. Nilimwona Mama akitabasamu mlangoni pake. Kisha DO akaendelea. Hazina kama hii, akasema, haiwezi kuachwa ichakae. Kuanzia leo kibanda kizungushiwe seng'enge. Kiwekwe kibao. Mtu asiketi humo, asiuze, asiguse. Na moto, akasema, akigeuka kwa askari aliyesimama karibu, moto ndani ya jengo la historia ni hatari kubwa.

Askari alikuwa mtiifu. Aliona ndoo ya maji ya chai kando ya mlango. Akaichukua, akaingia, akamwaga.

Sauti yake naisikia hadi leo. Msonyo mmoja mrefu, halafu mvuke mweupe ukatoka mlangoni na kumpita Mama usoni. Watu walikuwa bado wanapiga makofi, wale wa nyuma waliokuwa hawajaelewa, na makofi yakafa moja moja. DO aliona nyuso zetu, akageuka huku na huku akitafuta alilokosea. Hakuna aliyemwambia. Ungeanzia wapi? Alitushukuru, akaingia kwenye Landrover, akaenda zake na andazi lake mfukoni.

Kibanda kile kilizungushiwa seng'enge kweli, na kibao kikawekwa. Kilikaa humo peke yake kama mgonjwa wa kuambukiza, mbuzi wa chifu ndio waliokuwa wakiingia kusoma historia, mpaka msimu mmoja mto ulipojaa na kukichukua chote, gurudumu, bafu na kibao. Bafu, nasikia, lilielea vizuri sana. Lakini nimekimbilia mbele. Nirudi kwenye ile saa.

Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe nje ya mlango wake mwenyewe. Hakulia. Mwenye duka alifika mbio na viberiti, amevikumbatia kifuani, duka zima la viberiti, akavimimina miguuni pake. Mama alivitazama kama unavyotazama vitu vya kuchezea vya mtoto wa mtu mwingine. Watu walitazamana wakiulizana nani amebaki na moto nyumbani, na kila mmoja alikuwa ameuzima alfajiri, kwa amri. Hata wale mabingwa wangu wa darasa la tatu walikuwa wameumwagia maji.

Mzee wa posho mill alipiga magoti mbele yake. "Mama," akasema, "ni mimi nilianzisha." Alisema kwa sauti ndogo sana. Sikujua kwamba anayo sauti hiyo, na nadhani hata yeye hakujua.

Mimi nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia askari, na kijana wa miwani, na chifu na kofia yake, lakini zaidi nilizikasirikia zile karatasi nilizokuwa bado nimezishika. Tulikuwa tumehangaika majuma mazima kutafuta urithi wetu mpaka Ainabkoi, na urithi wenyewe ulikuwa ukitupikia chai. Nilizikunja zile karatasi, nikazitia kwenye gunia la takataka.

Hapo ndipo harufu ilipotufikia. Ilivuka barabara pamoja na ukungu, nzito, chungu, harufu ambayo kila mtu aliyewahi kuishi peke yake anaijua.

"Nani anachoma nini?" mwenye buchari akauliza.

Maharagwe. Sikuwa nimeyakumbuka hata mara moja tangu nianze kusoma, na hata Mama, kwa yale yaliyompata, alikuwa ameyasahau. Nilivua viatu vyangu vya Madaraka nikakimbia, sketi mkononi, nikapita posho mill, nikazunguka nyuma ya chumba changu. Chungu kilikuwa kimepasuka ubavu. Ndani yake palikuwa na kitu kimoja kikubwa cheusi, kigumu, ambacho ungeweza kujengea nyumba. Chakula cha wageni na kamati nzima, kimekwisha.

Na chini yake, gogo la muwati lilikuwa limeshika kutoka ncha hadi ncha, jekundu, tulivu, linapumua.

Nilichuchumaa nikalitazama. Nakumbuka niliogopa kulipulizia, niliogopa hata kulikaribia na pumzi yangu, kwa jinsi nilivyojijua. Nilichota majivu kwa mikono nikayasogeza pembeni yake taratibu, kama alivyonifundisha, nikaacha mlango mdogo wa hewa. Nilisikia miguu nyuma yangu. Nikageuka.

Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na koti lake la kijeshi, majivu yaliyolowa yakiwa kwenye pindo la gauni. Nyuma yake mji mzima ulikuwa umesimama, umenyamaza, kama walivyokuwa wakinyamaza hotelini asubuhi. Alikuwa ameshika kigae. Sikuwahi kumwona na kigae mkononi, kwa sababu maisha yake yote hakuwahi kukihitaji. Aliutazama ule moto, akakitazama kile chungu kilichopasuka, kisha akaketi juu ya jiwe langu la kufulia na kungoja, kwa maana huwezi kuingia kwa mtu na kusema nipe moto.

Nilitaka kumpa gogo zima pale pale. Lakini adabu ni adabu.

"Habari ya moto, Mama?" nikamuuliza.

Alikigeuza kigae mkononi. Mdomo wake ukacheza upande mmoja.

"Ulilala, mwalimu," akasema. "Haukuamka."

Nikainama juu ya lile gogo, nikamchagulia kaa.